Ukanda Mwembamba wa Nasteho

Nasteho,

Asalaam aleikum huko uliko. Ningeanza kwa kukujulia hali kama desturi, lakini nakujua, ungenikatiza uulize jambo moja tu. Basi nianze nalo: wamekubali. Ofisi ya maji imeichukua simu yetu. Ile katoni ya simu za mezani iliyokaa stoo ikisubiri tushindwe imepakiwa kwenye pikapu jana, ikaenda zake. Nilisimama mlangoni nikaiangalia mpaka pikapu ikakata kona. Jana nimelala usingizi ambao sijaupata tangu uondoke, na leo nimeamka nina njaa.

Nakuandikia nikiwa hapa mtaani Iftin, Garissa, kwenye chumba chetu nyuma ya duka la mama yako, na nimekalia kiti chako. Usinune. Changu kimevunjika mguu, na aliyejua namna ya kukiegemeza ukutani ni wewe. Naandika kwa Kiswahili kwa kuwa ndicho tulichogombania siku zote. Kisomali changu ulikuwa ukikicheka, na Kiborana hukuwahi kukijua hata cha kuombea maji.

Siku uliyofariki nilikuwa njiani natoka kwetu Wajir. Basi lilisimama Habaswein watu wapate kula, na nilikuwa nimeshika sambusa mkononi kaka yako aliponipigia. Moyo wako ulikuwa umesimama asubuhi. Nilipofika Garissa ulikuwa umeshazikwa, na nyumba imejaa wanawake. Mama yako alinishika mkono akanikalisha karibu yake, akasema kazi yenu sasa imebaki na wewe. Sikulia. Nilikukasirikia, nakwambia kweli. Ulijua moyo unakusumbua, na bado ukawa unapanda ngazi za ile ofisi na mkasi na kadibodi zako.

Ile kadibodi, Nasteho! Nikiikumbuka nacheka peke yangu. Ukumbi wa ofisi ulikuwa umebanana, meza moja watu wawili, na juu ya meza kompyuta, chupa ya chai, mafaili, na simu yenye waya uliojisokota kila upande. Meneja alitaka simu zote zihamie ndani ya kompyuta. Alikuwa ameshajaribu programu moja ya kununua, ikafunika nusu ya skrini kwa tarakimu kubwa kubwa, mhasibu akawa haoni hesabu zake. Wewe ukasema simu itakaa pembeni mwa skrini kama ukanda, upana wa kidole chako kidogo. Na kidole chako kilikuwa kama njiti ya kiberiti! Ukakata maboksi ya biskuti, ukabandika kipande kwenye kila skrini kwa selotepu, ukawaambia wafanye kazi hivyo wiki nzima uone kama kinawaziba. Siku ya pili mhasibu alivaa hedfoni, akakibonyeza kile kipande cha boksi, akasubiri. Ukamwambia kwa adabu aendelee kusubiri, laini zina shughuli.

Hivyo ndivyo ulivyojua kitakachofaa. Uliondoa vitufe mpaka vikabaki vya kupokea, kuhamisha na kukata. Uliondoa hata ile saa inayohesabu muda wa maongezi, ukisema mtu wa kwetu hawezi kuuliza kisima kabla hajauliza mvua, mifugo na wazee, na akiona dakika zinakimbia mbele ya macho atafupisha salamu na kumkosea mwenzake heshima. Mimi nilidhani unachekesha. Sasa nimekaa ukumbini nikawasikiliza watu wakisalimiana kwenye simu bila haraka, na nimekuvulia kofia.

Lakini kulikuwa na mambo mawili ambayo hukutaka yaguswe, na hayo ndiyo karibu yatuangushe. La kwanza, ukanda usipanuke kamwe. La pili, majina ya utani yasiingie. Yawekwe majina ya kitambulisho, basi. Nilijua chanzo chake. Uliwahi kunisimulia siku ulipompeleka marehemu baba yako benki Nairobi, mtu wa kwenu akamwona kwenye foleni akamwita kwa furaha, Langare, na karani akataka kujua maana yake. Ukamwambia kwa uaminifu wako wote, ni mtu anayechechemea. Karani akamgeukia mwenzake wakacheka, baba yako amesimama pale pale na fimbo yake. Kutoka siku hiyo ulikuwa na msemo mmoja: "Jina la utani ni la mdomo. Likiandikwa linakuwa tusi." Nilikubaliana nawe. Nani angebishana na jambo kama hilo?

Basi tukapakia majina ya kitambulisho kama ulivyotaka, na majaribio yakaanza wewe ukiwa umeshazikwa. Meneja alinipa mpaka Shaabani iishe. Ikifanya kazi, wanaichukua. Isipofanya, katoni inafunguliwa, ukanda wako unafutwa kwenye kompyuta zote, na mimi nakubali ile kazi ya Nairobi ambayo binamu yangu alishaniwekea. Kazi yako yote ingezikwa mara ya pili, na mara hii ningekuwepo.

Wiki ya kwanza tu, mzee mmoja mfugaji alipiga simu kutoka Hulugho. Pampu ya kisima imekufa, ngamia wamesimama kwenye birika kavu. Alimtaka Injinia Dhuxul, ambalo kwa Kisomali ni makaa, maana injinia huyo ni mweusi anang'aa. Sadia wa mapokezi anamfahamu Dhuxul tangu utotoni, wamekulia mtaa mmoja. Akaandika Dhuxul kwenye ukanda, hakuna kitu. Kwa kitambulisho injinia ni Mohamed Abdi. Na ofisi ya Garissa ina kina Mohamed Abdi wangapi? Sadia akaona wamepangana kama mbuzi wa zizi moja, na kwa kuwa ukanda ni mwembamba, jina la tatu ambalo lingewatofautisha limekatwa. Akambahatisha mmoja, akampata dereva. Akambahatisha mwingine, akampata mhasibu, naye akamsalimia mzee kwa kirefu kabla ya kugundua kwamba si yeye anayetakiwa. Mzee akakata simu. Habari za kisima zilimfikia Dhuxul kwa mdomo wa dereva wa lori la mbuzi.

Baada ya hapo hakuna aliyeuamini ukanda wako. Walirudia kuitana dirishani na kupigiana kwa simu zao za mkononi. Mtu akinipita kwenye ngazi ananiambia pole, na sikujua tena kama ni pole ya msiba au ya kazi. Meneja hakunigombeza. Alimtuma mtu aifute vumbi ile katoni.

Nilikuwa na njia mbili, na kila moja ilikuwa inakuvunjia neno. Nikipanua ukanda, majina yote matatu yanaenea, lakini unafunika kazi za watu, na tunakuwa tumetengeneza ile simu ile ile waliyoitupa. Nikiweka majina ya utani, ambayo ni mafupi na yanatosha vizuri kwenye ukanda wako mwembamba, nafanya kile ulichosema ni tusi. Ungekuwa hai tungegombana mpaka chai ipoe, kisha mmoja wetu angekubali. Kugombana na marehemu ni kazi ngumu, Nasteho. Hujibu, na ukimya wako una ubishi kuliko maneno yako.

Nikamwendea mama yako dukani. Nilidhani nakwenda kumwomba ruhusa, lakini nadhani nilitaka anikataze, nipate sababu ya kufunga virago. Nilimweleza yote, hata habari ya benki, ambayo kumbe hukuwahi kumwambia. Alikuwa anapima sukari. Akaiweka chini, akajipangusa mikono. Kisha akasema kwa Kiswahili chake:

"Habiba, baba yake akifika kwa mlango, alikuwa nasema 'fungua, ni Langare.' Yeye mwenyewe. Ukiita Abdi, hageuki. Ile siku aibu haikuwa yake, ilikuwa ya mtu wa benki. Mtoto yangu alibeba aibu ya watu." Akachukua kijiko chake cha kupimia. "Wewe beleka kazi mbele. Lakini usiandikie mtu. Acha mtu ajiandike."

Nilirudi mezani kwetu nimeduwaa. Nilikuwa nimeshatafuta dawa kila mahali, kumbe iko dukani kwenye sukari. Nikatengeneza kisanduku kidogo kwenye ukanda ambacho mwenyewe tu anaweza kukifungua. Anaandika jina analopenda kuitwa. Asipoandika, linabaki la kitambulisho. Hakuna meneja, hakuna fundi, hakuna Habiba anayeweza kumwandikia mwingine.

Asubuhi iliyofuata niliwakusanya ukumbini nikawaeleza. Wakatazamana. Nilikuwa na hofu, maana meneja mwenyewe anaitwa Bidaar, yaani kipara, na wewe unajua alichonacho kinatosha watu wawili. Kumwita ni kitu kimoja, anaitikia kila siku. Lakini kuliandika kwenye kompyuta ya ofisi? Alikaa, akavua kofia yake akaiweka mezani, akaandika BIDAAR kwa herufi kubwa, taratibu, kwa kidole kimoja. Akageuka akasema hapo sasa simu zake zitaacha kwenda kwa Hassan wa stoo, wanayefanana jina la kitambulisho. Ukumbi mzima ukacheka, na yeye akacheka kupita wote. Dhuxul akafuata. Mama Mwende wa malipo, aliyetoka Kitui, akaandika Mama Mwende na kusema hata yeye hilo jina lake la kitambulisho hulikumbuka kwa shida. Kijana mmoja wa ghala hakuandika kitu. Aliliacha la kitambulisho, na hakuna aliyemuuliza. Huyo ndiye niliyemtazama zaidi, kwa sababu ya yale uliyoniambia, na nilifurahi kwamba kisanduku chake kilibaki kitupu na kazi yake ikaendelea.

Haikupita muda mrefu yule mzee wa Hulugho akapiga tena. Mara hii ni bomba limepasuka, na sauti yake ilikuwa ya mtu aliyeshakata tamaa na serikali na watoto wake. Nilikuwa nimesimama nyuma ya Sadia. Akaandika herufi mbili, Dhuxul akatokea peke yake, mzima, hajakatwa. Akabofya. Upande wa pili wa ukumbi ukanda ukafunguka kwenye skrini ya injinia, akavaa hedfoni, na wakaanza: habari, amani, mvua imenyesha wapi, ngamia yule aliyevunjika amepona, mama watoto hajambo. Nikawa nasubiri bomba litajwe kama mtu anayesubiri matokeo ya mtihani. Lilipotajwa, Dhuxul alikuwa ameshafungua ramani yake ya mabomba kando ya ukanda, na ukanda haukufunika hata mstari mmoja wa ramani hiyo. Gari la mafundi liliondoka kabla ya adhuhuri.

Nikatoka nje nikakaa kwenye ngazi zile zile zilizokuchosha, nikalia. Ndipo nilipolia, Nasteho. Sikulia siku ya msiba, nimelia kwa ajili ya bomba la Hulugho. Sadia akaja akakaa kando yangu, akanipa maji. Nilihisi kama mtu aliyeshushiwa gunia begani na bado anatembea ameinama kwa mazoea.

Sasa habari nyingine kwa ufupi. Kazi ya Nairobi nimeikataa, na binamu yangu amenuna. Meza za ofisi zimepata nafasi, na kitu cha kwanza walichoweka ni chupa kubwa zaidi za chai. Mama yako anakula vizuri. Huwa namkuta akiwasimulia wateja kwamba simu ya ofisi ya maji ilitengenezwa nyuma ya sukari yake, na simsahihishi. Ofisi moja ya usafirishaji Habaswein imetaka tukawaonyeshe, na nitakwenda wiki hii. Nilidhani sitaweza kusimama mji ule tena. Sasa naona nitaweza, na nitakula ile sambusa mpaka mwisho.

Nilivunja neno lako moja, na sikuombi radhi, kwa sababu nadhani ungelivunja mwenyewe kama ungekaa ukumbini asubuhi ile. Lile jingine nakuahidi: ukanda hautapanuka. Waje na skrini kubwa kama ukuta, utabaki upana wa kidole chako.

Mola akurehemu, akupe nafasi pana kuliko uliyotupa sisi kwenye skrini. Kabla sijafunga, nina jambo. Ofisi ya Habaswein imeomba jina la mbunifu liandikwe kwenye kona ya simu, na mama yako anataka liwe lile la nyumbani, Yarey, kadogo ketu. Nimekaa nalo mchana wote. Mkono unataka kuliandika. Lakini sharti ni kwamba kila mtu ajiandike mwenyewe, na wewe huwezi tena. Kwa hiyo kona nimeiacha tupu. Wakiniuliza ni nani aliyeibuni, nitawatazama usoni na kulitamka kwa mdomo.

Habiba