Kahawa ya Jumamosi Saa Nne

Duinhoek, Jumanne asubuhi

Kaka Sjoerd,

Hujambo? Wifi Marloes na watoto wazima? Sisi tunapigwa na upepo wa bahari mchana kutwa. Tumekodi kijumba kilekile cha utotoni, nyuma ya vilima vya mchanga. Watalii wameshaondoka, kijiji kimya. Mama anashinda dirishani, pazia wazi kama kawaida yetu, akiwasengenya wapitao na baiskeli. Jana alisema Bi. Corrie wa jirani amefuga mbwa ili apate wa kumfokea. Nilicheka, kisha nikaona anavyoshika kikombe kwa mikono miwili, roho ikaniuma.

Kadi yako imefika. Umeandika utakuja Jumamosi saa nne kunywa kahawa, saa sita uondoke. Mama alicheka mpaka akakohoa. Alisema ndivyo alivyokulea: mtu haendi kwa mtu bila kupanga siku, hata kwa mama yake. Akanituma nikanunue keki ya tufaha unayoipenda. Nilipomwambia Jumamosi bado mbali, alisema ninunue tu, niache ubishi.

Sasa kaa kitako, kaka. Saratani imemshinda. Aliomba mwenyewe daktari amsaidie kufa, daktari amekubali kama sheria inavyoruhusu, na siku imeshapangwa: Ijumaa mchana. Ndiyo maana alitaka likizo hii. Nilimsihi akuambie, akakataa katakata. Alisema anataka uje kwa kuwa umemkumbuka, si kwa kuwa anakufa. Nikamwomba basi asogeze mbele siku moja tu. Akanijibu kwamba daktari si kinyozi, na maumivu hayamngojei mtu. Nikasema basi wewe uje mapema. Hapo akashusha sauti, akasema nikuache, hupendi kuvurugiwa ratiba.

Aliniapisha nisikwambie. Akinikasirikia, na anikasirikie. Siwezi kulibeba hili peke yangu. Simu zangu huzipokei tangu tulipogombana kwenye mazishi ya Baba, kwa hiyo barua hii nampa Bi. Corrie, anakuja mjini kwenu leo, aitumbukize mlangoni kwako.

Njoo ukiisoma tu. Usiulize saa, usipange chochote, mlango hatuufungi. Ukija Jumamosi saa nne, kahawa utaikuta, lakini nitakuwa nimeipika mimi.

Wasalimie wote hapo nyumbani.

Dada yako,
Femke