Jiko Lililokula Ofisi

Zuwena, mtani wangu, Mnyamwezi wewe,

Huko uliko sijui watu wanasalimiana vipi, kwa hiyo nakupa shikamoo. Ulipokuwa hai hukupenda kuipokea kwangu. "Shikamoo ya Mluguru ina ombi nyuma yake," ulikuwa unasema. Leo haina ombi. Nataka tu kukueleza habari za nyumba yetu, maana zimenijaa kifuani na wewe ndiye niliyezoea kukumwagia.

Kwanza msiba wako. Ndugu zako walikuja kukuchukua wakupeleke Tabora, lakini kabla gari halijaondoka pale kwa dada yako Kihonda, nilifanya kazi yangu ya mtani. Nilivaa koti lako jeupe la zahanati, nikajifunga kanga yako kiunoni, nikapita katikati ya waombolezaji nikihema kama wewe unavyopanda mlima wetu, mkono kiunoni, mdomo wazi: "Jamani Waluguru, Mungu aliwapa nchi nzima, mkachagua ukuta!" Watu wakaangua kicheko. Hata mama yako, ambaye hakuwa amefumbua mdomo tangu asubuhi, alicheka akajipiga paja. Majirani wasiojua utani wetu walinitazama kama nimerukwa na akili. Nilipolivua lile koti nikasikia harufu yako, sabuni na dawa, basi nikalia mpaka wakanishika mikono. Mtani hatakiwi kulia, najua. Nililia.

Halafu nimekuwekea nia ya misa kanisani kwetu. Usikasirike. Padri alisoma jina lako vizuri kabisa, na shehe wa msikiti wa kule chini alipopata habari alicheka, akasema dua ni dua.

Siku hizi nikikaa barazani nakumbuka ulivyopanda kwetu mara ya kwanza. Tulikuwa tumempoteza mdogo wangu, Paulina. Uchungu ulimshikia kule juu kwetu masika yamechachamaa, vijana wakamshusha kwa machela, na njia yetu mvua ikinyesha unaijua, ni utelezi mtupu. Ulitupokea mlangoni pa zahanati. Ulihangaika naye, nilikuona kwa macho yangu, lakini tulikuwa tumeshachelewa. Siku chache baadaye ukapanda kuja matangani, nesi mgeni, Mwislamu, katikati ya rozari zetu. Tulidhani utatoa pole uondoke. Wewe ukamkuta mjomba wangu anakoroga uji wa waombolezaji, ukamnyang'anya mwiko, ukasema Waluguru hata uji hamuwezi, ndiyo maana mnaanguka kutoka mashambani mwenu. Watu wote wakamgeukia mama. Naye akacheka. Mama yangu, aliyetoka kumzika mwanawe! Tangu hapo ukawa wa kwetu.

Ulipokuwa unaondoka ulinishika mkono ukaniambia, "Wasishushwe wakiwa na uchungu. Washuke kabla." Shirika letu lote ni hilo. Katiba tuliyokuja kuiandika baadaye, ikarudishwa, tukaiandika upya, ikarudishwa tena, haikuongeza kitu juu ya maneno yako. Unakumbuka tulivyokuwa tunakwenda mjini kufuatilia usajili? Mimi na tenga langu la karoti kichwani ili safari isiende bure, wewe na bahasha. Karoti ziliisha mapema kila mara. Bahasha ilirudi nasi nyumbani, mpaka siku usajili ulipotoka.

Ukoo wetu ukatoa kiwanja karibu na zahanati, pale gari linapoishia. Wafadhili wakaleta ramani, tukajenga. Vyumba vya wajawazito kusubiria siku zao, kila chumba kitanda kimoja na shuka nyeupe, na mbele ofisi yenye meza na kabati. Ile meza ulikuwa unaifuta kila asubuhi kana kwamba Waziri anakuja. Wala hakuja mtu kukaa. Loo, ile aibu! Wanawake walishuka, wakachungulia, wakasifia shuka, wakarudi mlimani na mimba zao. Sisi kamati nzima, Waluguru watupu, tukabaki tunatazamana. Tukasema labda wanaogopa sindano. Tukasema labda waume zao wanakataa.

Wewe ukamfuata mmoja mpaka kwao. Ulinisimulia ulivyopumzika kila kona, na watoto wa shule wakikupita wanakimbia na kukuamkia. Mama wa yule mjamzito hakuacha hata kumenya viazi, akakuuliza, "Mwanangu akijifungua, mimi niwe wapi?"

Jamani. Sisi tunaozaliwa katika ukoo wa mama! Kwetu mtoto anapokewa na bibi mzaa mama, na bibi huyo huyo ndiye anayempikia mzazi mpaka apate nguvu. Hakuna asiyejua. Na tulikuwa tumejenga nyumba ambayo bibi hana pa kulala wala pa kubandika sufuria, kwa kuwa ramani ilikuja na ofisi, nasi tukaamini shirika ni ofisi. Ilibidi Mnyamwezi apande ukuta akatuulizie mila zetu wenyewe.

Uliposhuka hukuitisha kikao. Ulikokota meza mpaka chini ya upenu, kabati ukalijaza vyungu na unga, ukapanga mafiga pale pale ofisini. Ukutani ukatoboa tundu la moshi kwa mtaimbo, na fundi akaja kulirekebisha huku anakutukana. Vyumbani tukatandika mikeka ya mabibi. Jiko likaila ofisi, na nyumba ikajaa. Mpaka leo nikisikia mabibi wanagombania chumvi nakuona wewe mlangoni, umeegemea, unawachochea wagombane zaidi.

Sasa nisikilize vizuri.

Baada ya arobaini yako walinichagua mimi mwenyekiti. Mimi, muuza karoti. Haikupita muda, wafadhili wakamtuma dada mmoja kutoka Dar, mpole, ana heshima zake, alinipa shikamoo ya kweli. Akaomba kuona ofisi. Nikampeleka jikoni. Moshi ukamtoa machozi, mabibi wakampa kigoda na bakuli la magimbi, akala. Kisha akanieleza taratibu kwamba mambo yamebadilika, kwamba shirika lisilo na ofisi haliwezi kuendelea kupewa fedha. Tupange ofisi Kihonda, tuweke kompyuta, tuendeshe semina za uzazi salama mjini. Nyumba ya huku "ikabidhiwe kwa jamii." Nikamuuliza jamii ndiyo nani, maana mimi nilidhani ndiyo sisi.

Zuwena, niliogopa. Nisikufiche. Niliona nikikataa, fedha zinakatika, na nyumba inafungwa mikononi mwangu, wakati wewe hujamaliza hata mwaka kaburini. Na nikikubali, inafungwa pia, ila polepole na kwa adabu. Wiki nzima nilikuwa napita na kuligusa lile koti lako, dada yako aliniachia, nimelitundika nyuma ya mlango. Nikalisemesha. Halikujibu, bila shaka. Wewe ungejibu hata usipoulizwa.

Tulikaa kikao uani, wanachama wote. Desderi, mweka hazina wetu, alitaka Kihonda. Usimlaumu. Ana watoto wanasoma, amefanya kazi na sisi miaka yote kwa asante tu, na aliongea kwa uchungu. "Tusiwe wajinga," alisema, "bila wafadhili tutakula mawe." Wengi wakaitikia kwa vichwa. Nikasimama kujibu, na hotuba niliyokuwa nimeiandaa ikapotea yote. Nikasema tu, "Aliye tayari kupanda sasa hivi akawaambie kina mama huko juu kwamba hatuna tena mahali pao, anyooshe mkono." Nikangoja. Desderi alitazama chini. Akaanza kucheka peke yake, kile kicheko chake cha puani, akasema, "Mwenyekiti, wewe umeambukizwa na yule Mnyamwezi." Hakuna aliyenyoosha mkono.

Basi tulikataa. Nilimpigia simu yule dada mimi mwenyewe. Alisema anasikitika, na naamini alisikitika kweli. Fedha zimekatika kama walivyosema. Mlinzi tuliyekuwa tunamlipa ameondoka, kapata kazi kwenye mashamba ya miwa Turiani. Kigango cha kanisa letu kimeleta mahindi na msikiti umeleta mchele, kila ukoo umepangiwa zamu ya kuni, na Desderi anaandika barua za kuomba huku na huku, mezani chini ya upenu, akilalamika. Vinatosha? Havitoshi. Paa la chumba cha mwisho linavuja, nimekinga ndoo.

Sisi wa mlimani tunaambiwa utani wetu ulianza babu zako walipopita hapa chini na mizigo ya watu mabegani, nasi tukawacheka. Ona sasa ulichonifanyia. Umekwenda kupumzika, umemtwika Mluguru. Nina hasira na wewe, nakwambia ukweli. Nina hasira, na hakuna siku ninayopika chai nisikutolee kikombe kwanza, ndipo nikumbuke.

Masika yameanza leo. Alfajiri mvua ilikuwa kubwa, nikasimama upenuni naitazama njia, moyo uko juu. Wakatokea wanawake wawili katika ukungu, matumbo mbele, wanatembea kwa miguu yao, taratibu, fimbo mkononi, mama zao nyuma na masufuria kichwani. Walikuwa wanacheka. Sijui walikuwa wanacheka nini. Na mimi nilisimama pale nikampungia mkono Paulina, halafu nikakupungia wewe.

Lala, dada yangu. Mungu akupe mahali pa tambarare, maana milima uliichukia. Miaka siwezi kukuahidi, sina uwezo huo. Nakuahidi masika haya. Mlango uko wazi, moto unawaka, na mimi nimehamia hapa na mkeka wangu.

Mtani wako,
Skolastika