Lenzi Pana Ukingoni mwa Manga

Nyanchwa,
S.L.P. 212,
Kisii.
11 Machi 1971

Mpendwa Shemeji Andrew,

Pokea salamu nyingi kutoka huku nyumbani. Natumai baridi ya Hamburg imepungua na kile kifua kilichokusumbua Januari kimepona. Huku mvua imeanza, mama yenu amekwisha kupanda wimbi, na Nyanchama wetu ameota meno mawili.

Barua yako ya kuniuliza unitumie lenzi gani ya kupigia picha za milima, pana au ndefu, niliipata. Nimechelewa kujibu kwa sababu kuna jambo lililotupata, na sitaki ulisikie kwa mtu mwingine. Dada yako Jemimah yuko hai. Nimetanguliza hilo ili uweze kusoma yanayofuata.

Rafiki yangu mmoja, mwalimu huko Sironga, aliniazima lenzi zake zote mbili nizijaribu. Jumapili ya mwisho ya Februari tulipanda kilima cha Manga, mimi na dada yako. Anga ilikuwa safi hata ziwa lilionekana kule mbali. Nikaanza na ile pana, maana ilimeza bonde lote kwa mara moja. Nikamwomba Jemimah asimame mbele yangu, mgongo wake ukielekea bondeni, ili mtu aone ukubwa wa mahali pale.

Nikamwambia, "Rudi nyuma kidogo."

Akauliza, "Nyuma kuko salama?"

"Kuko. Nafasi ni kubwa."

Shemeji, niliona nyasi nyingi nyuma yake. Nakuapia niliziona. Akarudi hatua moja, nikabonyeza, akarudi ya pili. Kisha kwenye kioo cha kamera kukabaki nyasi na anga tu.

Hakupiga kelele. Nilishusha kamera, na hapo ndipo nilipoona ukingo ulivyokuwa karibu. Nililala kifudifudi nikajikokota mpaka ukingoni. Alikuwa chini yangu, kama urefu wa watu wawili, amesimama kwenye jiwe jembamba, mkono mmoja umeshika mzizi.

"Manasseh, usisogee," alisema polepole. "Udongo unanimwagikia machoni."

Nilipaza sauti mpaka ikakauka. Mama mmoja aitwaye Esnah, aliyekuwa akichunga karibu na hapo, alikuja mbio na kamba ya ng'ombe wake. Alifunga kitanzi, akakiteremsha, akanishika mshipi huku akinifokea nisilie, nivute. Nilivuta. Mzizi ulikatika Jemimah akiwa tayari ndani ya kitanzi, na kwa kitambo uzito wake wote ulikuwa mikononi mwangu. Kitambo hicho bado hakijaniisha mwilini.

Amevunjika kifundo cha mkono wa kushoto na mbavu zinamuuma. Daktari anasema atapona. Mama tulimwambia aliteleza tu. Naogopa kumwambia ukweli, na naogopa kuuficha. Nishauri.

Yule mwalimu alinieleza baadaye kwamba lenzi pana husukuma mbali kila kilicho nyuma ya mtu. Mimi mpiga picha wa miaka sita sikulijua hilo! Studio yangu ni chumba chenye pazia, huwa sina haja ya kujua. Sasa hata mteja wa picha ya kitambulisho nikimwambia asogee, kwanza nakwenda kutazama nyuma yake.

Filamu niliisafisha juzi. Ile picha imo. Dada yako anacheka, mguu umeshaanza kuinuka, na nyuma yake nyasi zimetanda kama uwanja wa mpira. Nilitaka kuichoma. Jemimah akaniomba aione. Aliishika kwa mkono wake mzima, akaitazama, akasema, "Kumbe hukunidanganya."

Nilitoka nje, nikalia nyuma ya jiko.

Basi nitumie ile ndefu. Mwalimu anasema hiyo huvuta vitu karibu kuliko vilivyo. Ikinidanganya, na inidanganye hivyo.

Nisalimie Thadeus na mkewe unaoishi nao. Jemimah anakusalimu sana. Ataandika mwenyewe kwa vile mkono wa kulia ni mzima. Mungu aliyemshika yeye pale jiweni akushike na wewe ugenini, kila uwekapo mguu.

Ni mimi shemeji yako, ninayekupenda, na ninayeingoja barua yako kwa hofu,
Manasseh Ombati