Dada, Jina Langu Halikuwa Kwenye Daftari

Mpendwa dada Apondi,

Tangu tukuzike nimekaa na maneno haya, na hapa Uriri hakuna mtu ninayeweza kumwambia. Ndiyo maana nakuandikia wewe.

Unakumbuka siku afisa wa mambo ya kale alipokuja kwenye baraza la chifu? Alisema ohinga, lile boma la mawe lililoachwa na watu wa zamani, liko kwenye ardhi ya umma, kwa hiyo kila mtu anadhani kuna mwingine anayelitunza. Alitaka mtu wa kujitolea. Aliposema hakuna mshahara, wanaume walicheka. Wewe ukanyoosha mkono. Mwaka huo ulikuwa umerudi nyumbani, mjane aliyekataa kurithiwa na shemeji yake, ukilala katika jiko langu. Ukapewa daftari na penseli.

Kila Jumatatu ulizunguka ule ukuta, ukiandika kila jiwe lililoanguka. Mara nyingine nilifuatana nawe. Ulinionyesha jinsi mawe yalivyopangwa bila udongo wala saruji, na ule mlango mfupi. "Inama, mwalimu," uliniambia. "Hapa hata chifu huingia ameinama." Sikuwa nimekuona ukicheka tangu ufiwe.

Kisha mvua ikaangusha darasa la tatu. Kamati ya shule ilikutana, mimi nikiwa katibu. Mwenyekiti, Mzee Ogola, alisema mawe yapo tayari kule juu, yanakaliwa na mijusi tu. Niliandika kwamba tumekubaliana, nikatia sahihi. Mmoja akauliza, "Na dada yako je?" Nikajibu kwamba Jumamosi ungekuwa Kosele, kwenye matanga ya shangazi.

Jumamosi hiyo walikwenda na mkokoteni wa ng'ombe.

Uliporudi ulipitia kule kwanza, ukaliona pengo. Ukaja kwangu na vumbi la safari miguuni. "Ni akina nani?" Nikasema sijui. Ulinitazama kidogo, ukaingia jikoni.

Wiki iliyofuata, baada ya wewe kumpelekea daftari, chifu aliita watu watano: kamati nzima isipokuwa mimi. Aliwaamuru warudishe mawe yote, nawe uwaonyeshe pa kuyaweka. Mimi nilikuwa darasani nikifundisha hesabu, nikiwaona dirishani wakipanda na mkokoteni.

"Mwalimu, wewe umeponaje?" Mzee Ogola aliniuliza sokoni, kwa upole. Ningesema ni wewe uliyeandika majina, wangekufukuza, na hukuwa na pa kwenda. Nikinyamaza, msaliti ni mimi. Nikanyamaza. Wake zao wakaacha kumsalimia mke wangu kisimani. Kanisani hakuna aliyekaa tena kwenye benchi letu.

Nilikujia na hasira. "Kwa nini hukuandika jina langu?"

Ulikuwa unachambua mboga, hukuinua macho. "Ningekuandika, omera, ndugu yangu, ningelala wapi?"

Kumbe ulijua yote. Baada ya hapo tuliishi miaka miwili katika boma moja, tukinywa uji wa sufuria moja, na hakuna aliyelitaja jambo hilo tena. Mara nyingi nilitaka kuomba uhamisho. Lakini ningekuacha na nani?

Ukaugua, ukafia hospitalini Homa Bay. Siku ya mazishi, watu walipoambiwa waseme, nilisimama nikasema kwamba nilitia sahihi, na kwamba ni mimi niliyewaambia njia ilikuwa wazi. Nikasema ni wewe uliyeandika majina. Nilidhani nawafunulia siri.

"Tulijua," Mzee Ogola alisema. "Chifu alitusomea kutoka kwenye daftari la dada yako. Yeye alifanya kazi aliyoiomba. Tuliyekuwa tukimngoja ni wewe." Kisha akachukua jembe, akaenda kukufukia.

Mwezi uliopita yule afisa alirudi kutafuta mtu wa kushika nafasi yako. Hakuna aliyenyoosha mkono, na hakuna aliyecheka. Wote walinigeukia. Darasa la tatu bado linasomea kanisani, dada, na sasa mimi ndiye wa kuwazuia wazazi wao wasiguse mawe yale. Nilisimama kwa sababu sikuona namna ya kubaki nimekaa.

Jumatatu ninapozunguka, wawili wa ile kamati husimama barabarani. Hawanisemeshi. Hunitazama mpaka nimalize, ndipo huondoka.

Pumzika, Apondi. Mimi nipo.

Mdogo wako