Siku Bura Alipochunga Ng'ombe wa Mwalimu

Mjukuu wangu Ester,

Shikamoo yako imefika Buger, marahaba. Mahindi yamekauka, na mama yako bado anakohoa.

Umeniuliza ufanye nini, maana mwalimu mkuu wenu huko Loliondo anataka watoto wasiojua kusoma wabaki nyumbani siku ya mtihani wa darasa la nne, ili wastani wa shule usishuke.

Babu yako Bura, kaka yangu, alikuwa mzito wa kusoma. Siku ya mtihani wetu mwalimu alimtuma akachunge ng'ombe wake. Alikwenda kwa furaha, akidhani amependwa. Shule ikasifiwa. Yeye hakurudi darasani tena.

Jioni ile aliniuliza maswali yalikuwaje. Nikamtajia la kwanza. Akalijibu.

Bibi yako,
Basilisa