Nozo ya Nne

Jumatatu, 28 Oktoba 2024

Gari limeanza kukoroma. Chi-chi-chi chini ya boneti, na moshi unaingia ndani hadi mke wangu, Ljubinka, anafungua dirisha. Nimefunua. Nozo zote nne, zile zinazopulizia dizeli kwenye injini, zimezungukwa na masizi yaliyoganda kama lami. Washa za shaba, zile pete za kuziba chini yake, zimekwisha. Kung'oa, kusafisha, kuweka washa mpya, kurudisha. Kazi ya siku mbili.

Gari lina miaka ishirini na moja, mimi sitini na nane. Tuna siku kumi na tano. Tarehe 12 mke wangu anapasuliwa jicho hospitali ya mjini Niš. Amesubiri zamu miezi kumi na minne. Anatakiwa mlangoni saa kumi na mbili na nusu asubuhi, tumbo tupu. Basi la alfajiri lilifutwa zamani. Jirani Stanoje ana trekta. Nimempigia dereva wa teksi wa mjini — akasema barabara yetu ni ya mbuzi, yeye hapandi.

Kwa hiyo ni gari hili.

Jumanne, 29 Oktoba

Ya kwanza imetoka! Mafuta ya kulegeza kutu, kisha spana kushoto, kulia, kushoto, kulia, saa tatu nzima. Ikachomoka kama kizibo cha chupa. Nikamwita Ljubinka aione. Akasema ni nzuri sana. Alikuwa anaangalia tochi.

Jumatano, 30 Oktoba

Ya pili asubuhi. Ya tatu saa nane mchana. Ya nne hata haijatikisika. Mgongo umekufa.

Alhamisi, 31 Oktoba

Mtakatifu Luka. Kwenye kalenda ya kanisa tarehe imeandikwa kwa wino mwekundu, na siku nyekundu hakuna kazi. Ljubinka ameficha spana zote chini ya godoro, akalala juu yake. Nimedondoshea ya nne mafuta kidogo. Kudondosha si kazi.

Jumamosi, 2 Novemba

Nimevunja.

Nilivisha spana bomba refu ili nipate nguvu. Nguvu nikapata. Kichwa cha nozo kimekatika, waya zimebaki mkononi mwangu, na shina limebaki palepale kwenye injini. Sasa siwezi hata kurudisha vitu kama vilivyokuwa nikaendesha hivyohivyo na moshi wake. Nozo nyingine ninayo, nimeichukua kwenye magari mabovu kule Leskovac. Haina tundu la kuingia.

Hapa kuna dawa moja tu: kivuta-nozo. Ni fimbo ya chuma yenye kizito kinachoteleza. Unaifunga kwenye shina, unarusha kizito nyuma, pigo baada ya pigo, hadi kitu kitoke. Kijijini kipo kimoja. Kipo kwa kum Vukoman.

Ndiyo maana ya kum: Vukoman alisimamia ndoa yetu. Ni baba wa ubatizo wa binti yetu. Hatusemezani miaka mitatu sasa.

Jumatatu, 4 Novemba

Nimepiga nyundo kidogo. Haikusaidia. Ljubinka aliuliza ni nani anagonga. Nikasema Stanoje.

Mchana akanikalisha chini. Akasema niende kwa kum, nimwambie shida, basi. Nikasema siendi.

"Kwa sababu ya rakia!"

"Kwa sababu ya heshima."

"Heshima gani, bwana we? Mimi nitakwenda Niš juu ya heshima yako?"

Nikaenda kulisha kuku. Walikuwa wamekwisha lishwa. Ljubinka amewapa kahawa ya unga.

Kisa chenyewe ni kifupi. Sikukuu ya mtakatifu wa nyumba yangu, watu ishirini na mbili mezani, padri yupo. Vukoman akanywa rakia yangu, pombe kali ya plamu ninayoipika mwenyewe, akalamba mdomo, akasema mbele ya wote: "Kum, hii umeitia sukari." Kwangu! Babu yangu alipika rakia kwa plamu tupu, baba yangu vilevile. Nikamwonyesha mlango. Akachukua kofia. Tangu hapo kila sikukuu hiyo ikirudi Ljubinka anaweka sahani ya Vukoman mezani, na mimi naiondoa.

Jumatano, 6 Novemba

Leo asubuhi Ljubinka ameliamkia koti langu lililotundikwa mlangoni. Ameliuliza kama limelala vizuri. Mimi nilikuwa nyuma yake na kikombe mkononi. Nikangoja amalize.

Ninaogopa. Zamu ikipotea, ni miezi mingine kumi na minne, na jicho la pili nalo limeanza kuingia ukungu.

Na kwa kuwa humu hakuna anayesoma, niandike basi. Ilikuwa na sukari. Kilo nane. Mwaka ule baridi ilichoma maua, plamu zikawa chache, na wageni hawapungui. Niliimwaga ndani ya pipa usiku, peke yangu. Hata Ljubinka hajui.

Ijumaa, 8 Novemba

Mtakatifu Dimitri, sikukuu ya nyumba ya Vukoman. Kwenye siku hiyo hakuna anayealikwa. Anayejua anakuja, mlango uko wazi. Asiyekuja naye amesema neno lake. Miaka mitatu nimelisema.

Saa saba nikavaa suti. Ljubinka alikuwa amekwisha vaa, ameketi kitandani na mkoba magotini. Sijui tangu saa ngapi.

Vukoman mwenyewe alitupokea mlangoni. Amezeeka. Akanitazama toka kiatu hadi kofia.

"Umechelewa, kum."

"Barabara," nikasema. Ni mita mia mbili.

Tukaonja kijiko cha ngano ya kuchemsha, desturi ya siku hiyo, tukiwa tumesimama, tukaketi. Ijumaa ni mfungo, kwa hiyo samaki na maharage ya kuoka. Vukoman akanimiminia rakia yake, chupa akaishikilia. Meza nzima ikaacha kutafuna.

"Vipi?"

"Nzuri."

"Plamu tupu," akasema.

Watu wakatazama samaki wao. Nilihisi masikio yanawaka. Gari sikulitaja. Mtu hawezi kukaa miaka mitatu halafu aje sikukuu kuomba chuma, afadhali nife. Ljubinka naye hakulitaja, ila alinikanyaga mara nne chini ya meza. Macho yake hayaoni ila mguu wangu aliupata kila mara.

Tukiaga, Vukoman akanishika kiwiko.

"Gari lako halisikiki siku hizi."

"Linapumzika."

"Ya ngapi?"

"Ya nne."

"Umepiga nyundo?"

"Hapana."

"Umepiga. Nimeisikia Jumatatu." Akafikiri. "Wageni watakuwepo hadi Jumapili. Nitakuja Jumatatu."

Upasuaji ni Jumanne alfajiri. Nikasema Jumatatu ni sawa kabisa.

Jumapili, 10 Novemba

Hakuna kitu. Nimesafisha matundu matatu. Ljubinka amefunga begi: nguo ya kulalia, ndara, barua ya daktari. Akalifungua, akalifunga tena.

Jumatatu, 11 Novemba

Amekuja saa mbili asubuhi, kivuta-nozo begani. Hakutaka kahawa. Alikagua shina lililovunjika, akaguna, akalichonga uzi wa skrubu, akaifunga fimbo. Mimi nilishika tochi. Tulifanya kazi hadi saa sita bila neno, zaidi ya "juu kidogo" na "si machoni mwangu."

Akaanza kurusha kizito. Pigo la kwanza, hakuna. La pili, hakuna. Kumi, ishirini. Tukaongeza mafuta, tukasubiri. Kisha pigo moja likatoa sauti nyingine, nzito, na shina likapanda! Upana wa ukucha, lakini limepanda. Nilitaka kumkumbatia. Nikasema, "Bado kidogo, kum."

Akaachia fimbo. Akafuta mikono polepole, kidole kwa kidole.

"Bado kidogo," akasema. "Kwa hiyo kabla sijamaliza, niambie. Ilikuwa na sukari au haikuwa?"

Ljubinka alikuwa mlangoni na trei ya kahawa, uso kauelekeza karibu na tulipo.

Nikasema ngoja nilete kitambaa.

Nimeingia. Ninaandika nimesimama, daftari juu ya friji. Kitambaa ninacho mfukoni. Dakika kumi sasa. Najua la kusema, ni neno moja tu, hata mtoto analiweza. Akiondoka na fimbo yake, kesho Ljubinka atakaa juu ya begi.

Namsikia Vukoman: "Amekwenda kukifuma?"

Na Ljubinka, kwa upole, kama anayemwombea mtu radhi:

"Mvumilie, kum. Kilo nane si kitu cha kutamka haraka."

Nje kizito kinateleza kwenye fimbo, kinarudi, kinateleza. Hakipigi.