Mti Mama wa Miche Yetu

Mjukuu wangu Chebet,

Chamgei. Huku Kimulot tuko salama, na ng'ombe wa babu yako amezaa.

Unauliza kwa nini bosi wako amekataa ile programu uliyotaka kuweka kwenye kompyuta za hospitali, na ina muhuri halali wa aliyewatumia. Kompyuta sijui, lakini miche ya chai naijua.

Nilipoolewa hapa nilinunua miche mia tatu kwa jirani, mtu mkweli kama huo muhuri wako. Nilingoja miaka mitatu, ikatoa majani machache. Mpaka leo inaniuma. Kabla ya kununua tena nikamwambia, "Nionyeshe mti mama ilikokatwa."

Akacheka. "Mama, unanunua miche ama unaposa?"

Lakini tulienda. Yeye alinunua kwa shemeji yake, shemeji naye kwa mwalimu mmoja wa Kabianga. Hakuna aliyedanganya, lakini zaidi ya mwalimu hakuna aliyewahi kuuona mti wenyewe. Tulipoonyeshwa, ulikuwa wa aina ile ya zamani isiyotoa majani mengi. Jirani alirudi nyumbani, akang'oa miche yote aliyokuwa anauza.

Sasa niambie, hiyo programu ukiifuata nyuma mkono kwa mkono, unafika kwa nani? Na huko, kuna mti wa kutazama?

Ni mimi, kogo yako.